Amri Zilizokwenda na Umeme

"Shikamoo kaka. Umeme umekata."

Nikaitikia marahaba na kusubiri habari yenyewe, maana Mbeya mwezi wa pili umeme kukatika si jambo la kumpigia mtu simu. Mvua nilikuwa naisikia ikigonga bati upande wake, Iyunga, alikopanga chumba. Ni mtoto wa jirani yetu wa zamani, anasoma shahada ya uzamili, na utafiti wake ni wa maharage: mbegu sita, marudio manne, viwanja 24. Tangu asubuhi alikuwa kwenye R, programu ya takwimu, anaandika amri, anatazama jibu, anarekebisha, anaandika nyingine. Laptopu yake ni ya mtumba na betri ilishakufa zamani. Inaishi kwa waya. Umeme ulipokwenda, nayo ikaenda.

"Ulisevu?"

"Data ipo kaka, iko kwenye Excel. Na majibu ninayo, nilipiga picha kwa simu nikamtumia Dokta WhatsApp. Ila zile nilizokuwa naandika..."

Zile alizokuwa anaandika ndizo zilizonifanya nikae niandike makala haya. Siku mbili baadaye msimamizi wake aliijibu ile picha kwa swali moja. Kwenye jedwali la uchambuzi, mstari wa mabaki, mbona digrii za uhuru ni 13? Mbegu sita kwa marudio manne zingetoa 15. Viwanja viwili vimekwenda wapi? Ni kweli alikuwa ameviondoa, mchana uleule, kwa amri moja fupi. Ni viwanja gani hasa, hakuwa na hakika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa binti huyu mambo yalikwenda kinyume: mali ilibaki kwenye simu, habari ndiyo iliyopotea.

Kabla ya kwenda mbali, neno moja kuhusu majina. Lile dirisha ambalo unaandika amri moja, unabonyeza Enter, na kompyuta inakujibu hapohapo, vitabu vya kigeni vinaliita kwa jina ambalo kwetu lina mwenyewe. Mwambie dereva wa Mafinga kwamba umeshinda sheli tangu asubuhi, atakuuliza petroli imefika bei gani. Kwa hiyo nitasema dirisha la amri. R inalo, Python inalo, Linux inalo na linaitwa bash, Windows inayo mawili. Yote yanakumbuka ulichoandika: bonyeza mshale wa juu na amri iliyopita inarudi, bonyeza tena na ya kabla yake inarudi. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayoitwa historia ya amri. Karibu kila anayejifunza anaujua ule mshale ndani ya wiki ya kwanza. Wachache sana huuliza unachota wapi.

Unachota kwenye kumbukumbu ya muda ya mashine, ile inayofutika umeme ukienda. Na hapo ndipo lilipo swali zima. Watu hudhani swali ni kama historia inahifadhiwa au haihifadhiwi. Programu nyingi zinahifadhi. Swali lenye kuumiza ni lini.

Chukua bash, ambayo Brian Fox aliitoa mwaka 1989 na ambayo hadi leo ndiyo dirisha la kawaida kwenye seva nyingi za Linux. Ina faili lake la historia, limefichwa kwenye folda ya mtumiaji kwa jina la `.bash_history`. Lakini kwa mpangilio wake wa asili, bash haigusi faili hilo wakati unafanya kazi. Inalisoma unapofungua dirisha, inakaa na amri zako kichwani siku nzima, kisha inaziandika unapoaga, yaani unapoandika `exit` au kulifunga dirisha kwa utaratibu. Python nayo, tangu toleo la 3.4, ina faili la `.python_history`, nalo huandikwa wakati wa kutoka. R inaweka sharti la ziada: ukiandika `q()` inakuuliza kama uhifadhi mazingira ya kazi, na historia inakwenda kwenye faili la `.Rhistory` ukijibu ndiyo tu. Wanafunzi wengi niliowaona hujibu hapana, kwa sababu mtu fulani aliwaambia, kwa sababu nzuri tu ambazo nitazifikia, kwamba kujibu ndiyo kunachafua. Kwa hiyo hata yule aliyeaga kwa adabu anaweza kuondoka mikono mitupu.

Kuna desturi ya kale nyuma ya hayo. Watumiaji wa kwanza wa Unix walikaa mbele ya mashine za teleprinta, ambazo hazikuwa na kioo. Kila amri na kila jibu vilichapwa kwenye karatasi inayojikunja sakafuni. Historia ilikuwa ile karatasi. Ukitaka kujua ulichofanya saa tatu zilizopita unaivuta unasoma, na umeme ukikatika karatasi haifutiki. Vioo vilipokuja, karatasi ikaondoka na kumbukumbu ikaondoka nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipotengeneza dirisha lake la C, alilipa uwezo wa kukumbuka amri na kuziita tena kwa alama za mshangao. Lengo lilikuwa kupunguza kuchapa. Hakuna aliyekuwa anafikiria ushahidi wa utafiti. Disiki zilikuwa za polepole na ghali, na mashine ilikuwa kwenye jengo la chuo lenye umeme wa uhakika. Kuandika mara moja, mwisho wa kazi, kulikuwa uamuzi wa busara.

Busara hiyo imesafiri hadi Iyunga bila kubadilisha nguo.

Umeme wa Nyanda za Juu Kusini una kichekesho chake. Maji yanayoendesha sehemu ya gridi ya taifa yanatoka kwetu. Vijito vya milima ya Kipengere na Uporoto vinashuka kwenye tambarare ya Usangu, Mbarali, vinapita Ihefu, vinakuwa Ruaha Mkuu, vinafika bwawa la Mtera mpakani mwa Iringa na Dodoma lenye mitambo ya megawati 80, kisha Kidatu, megawati 204. Kihansi, mpakani mwa Iringa na Morogoro, ina 180. Ruaha Mkuu yenyewe imekuwa ikikauka kwa majuma kadhaa kila kiangazi tangu mwaka 1993, na kwa miaka mingi mgao wa umeme Dar es Salaam ulianza kama habari ya mpunga na ng'ombe wa Usangu. Sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, ambako maji ya Ruaha Mkuu nayo huishia, lenye uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wake wa kwanza uliingizwa kwenye gridi Februari 2024, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili mwaka huohuo gridi ikapata hitilafu, nchi ikalala giza. Megawati ni suala moja, nguzo iliyooza ni jingine. Na hata nguzo zote zikisimama, kuna LUKU ya nyumba yenye wapangaji sita ambao kila mmoja anasubiri mwenzake anunue.

Kwa mtu anayeishi hivyo, programu inayoandika kumbukumbu zake wakati wa kuaga ni sawa na mpimaji wa shamba anayepima viwanja vyote 24 kisha anakaa jioni kuandika. Hakuna kituo cha utafiti kitakachokubali. Nenda Uyole, kilipo kituo cha TARI, ambacho jina lake limeingia mashambani kupitia mbegu kama maharage ya Njano Uyole na mahindi ya UH6303. Utaratibu wa daftari la shamba unajulikana hata na kibarua: unaandika ukiwa umesimama kwenye kiwanja, kabla hujavuka kwenda cha pili, kwa penseli kwa sababu wino na mvua ya Mbeya havipatani. Ukikosea hufuti. Unapiga mstari juu ya kosa ili lisomeke, unaandika sahihi pembeni. Data za yule binti zilikusanywa kwa nidhamu hiyo kwa miezi minne. Zilipoingia kwenye kompyuta nidhamu ikabaki getini.

Zipo programu zinazofanya kama daftari la shamba, na inashangaza kidogo ni zipi. Ukiwa kwenye Windows, lile dirisha jeusi la zamani linakumbuka amri zako hadi ulifunge, basi. F7 itakuonyesha orodha, kesho hakuna kitu. Lakini dirisha la PowerShell, lililo kwenye kompyuta hiyohiyo na ambalo wengi hawajawahi kulifungua, linaandika kila amri kwenye faili papo hapo, na kwa kawaida linakumbuka hadi amri 4,096. IPython, iliyoanzishwa na Fernando Pérez mwaka 2001 kama dirisha bora la Python, haitumii faili la maandishi matupu. Inaweka kila amri kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite, ikiandika namba ya kikao na namba ya mstari, na mpangilio wake wa asili ni kuandika kila amri bila kusubiri. Umeme ukirudi unafungua, unaandika `%history -g maharage`, na kila mstari uliowahi kuwa na neno hilo unatoka, wa leo na wa mwaka jana. Linganisha na Python ya kawaida kwenye Windows kabla ya toleo la 3.13: haikuhifadhi historia kabisa, ukifunga umefunga. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejifunzia kwenye laptopu yake ya Windows, ambaye ndiye mwanafunzi wa kawaida, amekuwa na Python yenye usahaulifu mkubwa kuliko ya mwenzake wa Linux, na hakuna aliyemwambia.

Halafu kuna SPSS, mfalme wa tasnifu za Tanzania. Wengi wanaitumia kwa kubofya menyu na kuamini kwamba hawaandiki amri yoyote. Kumbe kila mbofyo unageuzwa kuwa amri chinichini, na SPSS ina kawaida ya kuziandika amri hizo kwenye faili la jarida, `statistics.jnl`, ikiendelea kuongeza chini kikao baada ya kikao usipoizuia. Nimewahi kukaa na mwalimu mmoja wa Iringa, mtu mzima ambaye namwita mzee, aliyekuwa na hakika kwamba kazi yake ya mwaka mzima haina kumbukumbu. Tulilifungua faili hilo. Alivuta kiti karibu, akavua miwani, akavaa tena. Mistari ilikuwa maelfu. "Haya yote nimeandika mimi?" Nikamwambia ndiyo mzee, kwa kidole.

Stata ipo katikati: haiweki kitu kwenye faili hadi uiambie, lakini ukishaandika `log using` inarekodi kazi kadiri inavyokwenda, amri na majibu pamoja, na `cmdlog using` inachukua amri peke yake. Mtu aliyefundishwa Stata na mtu wa afya ya jamii karibu daima anafungua logi kabla ya kitu kingine. Hiyo ni desturi ya shule, haikutoka kwenye programu. Na Mbeya ina shule hiyo, kwa sababu kituo cha NIMR kilichopo hapo kimefanya tafiti za UKIMWI na kifua kikuu kwa miongo, na kanuni za kimataifa za majaribio ya tiba zinataka kila badiliko la data liache alama: nani, lini, kilikuwa nini, kimekuwa nini. Mtu akishafanya kazi chini ya kanuni hizo, dirisha la amri lisilo na logi analiona kama mtu aliyetoka bila viatu.

Basi tiba ni kuhifadhi kila amri papo hapo? Kwa sehemu, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye bash ni mistari miwili ndani ya faili la `.bashrc`: `shopt -s histappend` na `PROMPT_COMMAND='history -a'`. Mstari wa pili unasema kila ukimaliza amri, iandike. Wa kwanza unatibu ugonjwa mwingine ambao wengi hawaujui jina. Ukifungua madirisha mawili kwa wakati mmoja, kila moja lina historia yake kichwani, na wakati wa kufunga bila mpangilio huo linaandika juu ya faili zima. La mwisho kufungwa ndilo linaloshinda. Umeshinda kutwa kwenye dirisha la kwanza, la pili ulilifungua kuangalia tarehe tu, ukalifunga la mwisho: kesho historia yako ni tarehe. Wapo walioacha kuamini historia kabisa kwa sababu hiyo, wakidhani kompyuta ina pepo.

Kwenye R njia ni ya mzunguko kidogo. Amri ya `savehistory()` ipo, na `loadhistory()` ya kurudisha, lakini zote zinangoja ukumbuke kuziita, na anayekumbuka kuhifadhi ni yule aliyekwisha kupoteza. Dawa ni kuikabidhi R kazi hiyo kwa kuweka mstari huu kwenye faili la `.Rprofile`, ambalo R hulisoma kila inapoamka:

`addTaskCallback(function(...) { try(utils::savehistory(".Rhistory")); TRUE })`

Maana yake: kila amri ikikamilika, hifadhi historia. Amri iliyokwama kwa kosa haiamshi uhifadhi, ila inaingia kwenye faili pamoja na amri njema inayofuata. Na angalia ukubwa. R kwa kawaida hukumbuka mistari 512, bash 500. Inaonekana mingi hadi siku utakapobandika kipande cha amri 60 mara kumi ukitafuta rangi ya kuchora grafu; asubuhi yote ya uchambuzi inasukumwa nje na rangi. Namba hizo zinaongezwa kwa `R_HISTSIZE` na `HISTSIZE`, pamoja na `HISTFILESIZE` kwa faili la bash.

Mpaka hapa nimekuwa nikisema kama fundi. Lakini nilipomaliza kumwekea binti ule mstari, nilijua kwamba nimetibu nusu, na nusu ndogo.

Kurudisha historia si kurudisha kazi. `loadhistory()` inajaza mshale wa juu na haifanyi lolote zaidi. Inakupa maneno uliyosema. Jedwali ulilolisafisha halirudi mpaka uyaseme tena, kwa mpangilio uleule, na mpangilio ndio wenye utata, kwa sababu historia inahifadhi kila kitu ulichoandika, pamoja na ulichokosea. Nilitazama faili lake la wiki iliyofuata, baada ya kuweka mstari. Linaanza kwa `d <- read.csv("maharge.csv")`, herufi moja imeruka, kwa hiyo amri hiyo ilishindwa. Inafuata sahihi. Kisha amri ya uchambuzi, `aov`, ambayo imesahau marudio. Kisha `aov` yenye marudio. Kisha ya kwanza tena, nadhani alibonyeza mshale mara moja zaidi. Kisha `d$mavuno <- d$mavuno*10`, kugeuza vipimo. Kisha, mistari minne chini, `d$mavuno <- d$mavuno*10` tena. Je, aligeuza mara mbili kwa makosa? Au katikati alisoma faili upya? Alisoma upya, mstari upo. Lakini ilinibidi nifuatilie kwa kidole kama mtu anayesoma barua ya mirathi. Ukilichukua faili zima na kulirusha kwenye R kuanzia juu hadi chini, litasimama kwenye mstari wa kwanza.

Upande wa pili wa shilingi ni ule utamaduni wa kujibu ndiyo R inapouliza kuhusu mazingira ya kazi. Ukijibu ndiyo, pamoja na historia R inahifadhi pia faili la `.RData`, yaani vitu vyenyewe: majedwali, majibu, kila ulichokipa jina. Kesho ukifungua vinakungoja mezani. Ni raha, na ni mtego, kwa sababu vinarudi bila kueleza vilikotoka. Una jedwali linaitwa `d2`. Lina viwanja 22. Nani aliyelitengeneza, lini, kwa kuondoa nini? Ndiyo maana walimu wengi wa R huwaambia wanafunzi wajibu hapana, nami niko upande wao, ingawa ushauri huo uliotolewa nusunusu ndio uliowanyima wengi historia yao. Google Colab, ambayo wanafunzi wanaipenda kwa kuwa inahitaji bando tu wala haihitaji laptopu ya maana, inakosea kwa upande wa pili: maandishi yanabaki kwenye Drive, lakini ukiiacha bila kuigusa kwa muda mashine ya mbali inakatwa na vitu vyote ulivyovitengeneza vinafutika. Wa `.RData` anabaki na chakula bila mapishi, wa Colab anabaki na mapishi na sufuria tupu.

Walioiva kwenye fani watasema sasa hivi: tatizo ni kutumia dirisha la amri kwa kazi ya kweli. Andika skripti, faili lenye amri zilizochujwa, litakaloenda kuanzia juu hadi chini bila kukwama, lihifadhi, lirushe upya kila unapobadilisha kitu. Hapo historia haina kazi. Wako sahihi, na nimeshaitoa hotuba hiyo zaidi ya mara moja. Lakini naona inatolewa na watu waliosahau walivyojifunza. Huwezi kuandika skripti ya kitu usichokijua. Asubuhi ile binti hakujua kwamba kiwanja kimoja kina mavuno ya ajabu. Aligundua kwa kuchora, akauliza, akachora tena. Mazungumzo yanatangulia mkataba. Kinachohitajika ni daraja kutoka mazungumzo hadi skripti, na historia iliyohifadhiwa ndiyo daraja: jioni unalifungua faili, unafuta makosa, unaacha mistari kumi na nne iliyofanya kazi, unaandika juu ya kila mmoja kwa nini. IPython ina amri ya kufanya hivyo moja kwa moja: `%save kazi 3-9 14` inachukua mistari hiyo tu na kuiweka kwenye faili la skripti. Ninachodai ni kwamba historia ni malighafi. Kuitegemea kama kumbukumbu ya utafiti ni uvivu, na kuidharau ni kusahau kwamba skripti yako mwenyewe ilitoka humo.

Kuna wanaopaswa kuiogopa pia. Kinachohifadhi amri zako kinahifadhi na siri ulizoziandika ndani ya amri. Kwenye maabara ya kompyuta ambamo wote wanaingia kwa jina moja la mtumiaji, faili la historia ni moja, na mshale wa juu wa anayefuata unaanza pale ulipoishia wewe. Nywila ya hifadhidata iliyoandikwa ndani ya mstari inabaki pale. Bash ina ujanja mdogo: ukiweka `HISTCONTROL=ignorespace`, amri inayoanza na nafasi tupu hairekodiwi. PowerShell ya sasa inakwepa kuandika mistari yenye maneno yanayoashiria nywila. Lakini hakuna programu inayojua kwamba namba uliyoitafuta ni ya faili la mgonjwa, wala kwamba jina ulilolichuja ni la mtu anayeishi mtaa wa pili kutoka hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde, na sidhani wengi wanaochambua data za zahanati wamewahi kuhesabu `.Rhistory` kuwa miongoni mwa mafaili ya kulindwa. Lile faili limefichwa kwa nukta mwanzoni mwa jina, na folda ikinakiliwa kwenye flashi nalo linakwenda, kimya.

Turudi kwenye viwanja viwili.

Amri ilishapotea, hakuna wa kuirudisha. Lakini ile picha ya simu ilikuwa bado ipo, imepindapinda, na kivuli cha kidole pembeni, na ndani yake jedwali la uchambuzi lilisomeka lote: jumla ya miraba ya mabaki, hadi tarakimu ya mwisho. Viwanja ni 24. Njia za kuondoa viwili ni 276, wala si nyingi kwa mashine. Tulikubaliana tuziulize zote. Safari hii binti aliandika kwenye skripti, mimi nikiwa Iringa na yeye Iyunga, zaidi ya kilomita 300 za simu katikati: `combn(24, 2)` inatoa jozi zote, na kwa kila jozi ondoa, chambua, linganisha na namba iliyo kwenye picha.

Ilichukua sekunde chache. Jozi moja tu ilikubali, viwanja namba 7 na 18, na jumla ya miraba ikalingana na ya kwenye picha nukta kwa nukta.

"Umeona kaka!"

Nikamwambia, mdogo wangu, sasa fungua daftari la shamba. Nilimsikia akipekua. Kiwanja cha 7 kilikuwa na maandishi ya penseli, ya siku ya tarehe 3: ng'ombe wameingia, nusu ya mstari wa mwisho. Vizuri sana. Cha 18?

Akapekua mbele, akarudi nyuma.

"Cha 18 hakina kitu, kaka."

"Uliona nini siku ile mpaka ukakiondoa?"

Mvua ilikuwa imeanza tena kwenye bati la kwao. Akakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nikadhani salio limekwisha.

"Sikumbuki," akasema. "Lakini nilikuwa na sababu."

Tulikirudisha. Mbegu aliyokuwa ameipa nafasi ya kwanza ikashuka hadi ya tatu, na digrii za uhuru zikawa 14.